Bi Rudia na Tezi Iliyoitikia Hodi ya Wengine

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, kazi zikiisha, mkuu wa maabara yetu ya homoni atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, na Jumatatu inayofuata hatarudi kulivaa. Ameitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne. Idara ya utumishi ina majina yake yote matatu kwenye jalada. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, tunamjua kwa jina moja tu: Bi Rudia.

Wageni hudhani ni jina la kwao. Wakongwe wa hapa wanajua lilikotoka. Miaka yake ya mwanzo, alipokuwa bado binti wa kutumwa chai, mkurugenzi wa wakati ule alipimwa tezi ya shingo, na majibu yakatoka mabaya mno hata akaanza kumpigia simu mdogo wake kumwusia watoto. Yule binti akaomba akione kichupa cha damu. Akakigeuzageuza mwangani, akaona lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine. "Mkuu," akasema, "hii tunairudia." Ikarudiwa. Mkurugenzi akaonekana yu buheri wa afya. Mgonjwa mwenyewe hasa, mama wa wodi ya juu aliyekuwa anafungasha vitu vyake aende nyumbani, akapewa dawa kabla hajazidiwa. Wiki ileile mkurugenzi aliitisha kikao kulalamikia matumizi makubwa ya vitendanishi, yaani kemikali za vipimo. Alipofika katikati ya hotuba akamwona yule binti safu ya nyuma, akakohoa, akafunga jalada, akasema kikao kimeahirishwa.

Tangu siku hiyo jina likaganda. Na mwenye jina hakulikataa, maana kurudia kulikuwa ndiyo dini yake ya kazini. Umepata jibu zuri? Rudia. Umepata jibu baya? Rudia, kisha unywe maji, kisha urudie tena. Wako vijana waliopita mikononi mwake ambao leo ni wakuu wa maabara kwingine, na wanakiri kwamba hata wakifunga mlango wa nyumba huufungua tena kuhakikisha kama ulifungwa.

Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini: Bi Rudia si mtu rahisi. Anaongea kwa sauti ndogo ambayo husikika vyumba viwili mbele. Friza ya sampuli ni ufalme wake. Mwaka fulani mhasibu wetu, bwana mpole asiye na kosa na mtu, aliweka humo mkate wake na samaki wa kukaanga kwa sababu friji ya jikoni ilikuwa imeharibika. Bi Rudia hakugomba. Aliuvisha ule mfuko lebo: "Tishu isiyojulikana. Iteketezwe." Mhasibu alikuta kijana wa taka ameshaingia nao kwenye chumba cha tanuri, akapiga kelele kama mtu anayeibiwa. Mpaka leo ukimtajia samaki anaangalia pembeni.

Lakini yaliyomfanya Bi Rudia ajulikane nje ya kuta hizi si mkate wa mhasibu. Ni kisa cha wifi yake. Wote wanaohusika wameridhia kiandikwe, na wifi mtu amesisitiza kiandikwe chote, hata pale pasipopendeza.

Wifi huyo, dada wa mume wa Bi Rudia, tulimjua kabla hatujajua kama ni ndugu. Yeye ndiye aliyetushonea mapazia ya wodi zote na mashuka ya chumba cha upasuaji, na ndiyo maana huku alikuwa akiitwa Mama Mapazia. Mwanamke mwembamba, mwepesi, mwenye mdomo wa utani. Alikuwa akija na futi yake shingoni, anapima dirisha huku anamuuliza muuguzi anaolewa lini.

Basi akaanza kubadilika. Uso ulijaa, ukawa mviringo na mwekundu. Nyuma ya shingo ikaota nundu. Tumbo likaja mbele, lakini mikono na miguu ikazidi kukonda. Ukimgusa kidogo tu anavilia damu. Presha ikapanda, sukari ikapanda, na siku moja akavunjika ubavu kwa kukohoa. Mtaani watu hawakukosa la kusema. Wengine walisema amepata bwana anayemlisha vizuri. Wengine walisema anakula kwa siri. Hata yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba hali ile haikumjia kwa mara ya kwanza: kila alipobeba mimba alifura vivyo hivyo, uso ukajaa na presha ikapanda, kisha akijifungua vinaondoka vyenyewe. Mimba zote tatu zilikuwa hivyo, na wakunga wakamwambia ndiyo mimba zilivyo. Safari hii hakuwa na mimba. Hedhi ilikuwa imeshakoma. Hali ilikuja, ikaweka kambi.

Hapo ndipo Bi Rudia alipoteleza. Siku ya Jumapili, ukoo umekaa mezani, alimtazama wifi yake akijipakulia, akasema mbele ya watu, "Wifi, hebu punguza mkono kwenye sahani." Alisema kwa wema, anavyodai. Alikuwa na wasiwasi na ile sukari. Lakini neno lilitoka mbele ya shemeji, wakwe na watoto. Mama Mapazia aliweka mwiko chini, akaenda kunawa, akaaga. Hakukanyaga tena nyumba ile. Mume wa Bi Rudia, mwalimu wa udereva ambaye kazi yake ni kutuliza watu wanaogombania usukani, alihangaika huku na huko. "Mimi nina mke mmoja na dada mmoja," aliwaambia kwa simu kila mmoja peke yake. "Semeni mapema nani kati yenu anataka nihame mji." Hakuna aliyecheka.

Aliyemfikisha Mama Mapazia hospitalini ni binti yake wa mwisho, baada ya mama kushindwa kuinuka kwenye kigoda cha cherehani. Daktari wetu wa homoni, mwanamama mdogo kwa umbo aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza masomo ya ubingwa, alitambua ugonjwa kwa kumtazama tu akiingia mlangoni. Mwili ule ulikuwa unazama kwenye kortisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili zinazokaa juu ya figo, tezi za adrenali. Kwa kawaida tezi hizo hufanya kazi kwa amri. Amri hutoka kwenye pituitari, tezi ndogo kama punje ya haragwe inayoning'inia chini ya ubongo. Lakini vipimo vya Mama Mapazia vilionyesha kwamba pituitari haikutoa amri yoyote kwa tezi hizo. Kwa amri hiyo ilikuwa imenyamaza kabisa, na bado adrenali zote mbili zilikuwa zimevimba, zimejaa vinundu, zinamwaga kortisoli usiku na mchana. Nani aliyekuwa akiziamrisha? Hakuna aliyejua. Vitabu vya wakati ule vilivyokuwa kwenye kabati letu vilisema kwa ufupi: zitolewe zote mbili.

Mpasuaji, bwana mrefu asiyependa maneno mengi, alieleza mpango wake. Kwa sababu ya presha ya mgonjwa angetoa ya kushoto kwanza, kisha kidonda kikipona aje atoe ya kulia. Baada ya hapo mgonjwa angekunywa vidonge vya kuchukua nafasi ya tezi hizo maisha yake yote. Akivikosa siku akiugua homa kali au kuharisha, anaweza kufa. Mama Mapazia alisikiliza, akasema, "Daktari, mimi nimechoka kuubeba mwili wa mtu mwingine. Toa unachotaka." Alipoulizwa kama anaridhia sehemu ya tezi itakayotolewa itumike kwenye utafiti, akajibu, "Mkishaitoa kwangu mimi niifanyie nini? Niishonee pazia?"

Tezi ya kushoto ikatolewa. Kipande kikapelekwa kwa wanaochunguza tishu, na kipande kingine kikashuka ngazi hadi kwenye friza ya Bi Rudia.

Ili mambo yaeleweke, turudi nyuma kidogo. Miaka hiyo Bi Rudia alikuwa amejiandikisha kusoma shahada ya uzamili, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanasomesha watoto wao. Somo lake lilikuwa vipokezi vya homoni za uzazi. Alivyokuwa akitufundisha sisi, hakuanza na vitabu. Homoni, alisema, hupita ndani ya damu ikibisha hodi kila mlango. Isipokuwepo sauti ya kuitikia karibu, itapita tu, hata ingebisha kwa rungu. Mwenye kuitikia ndiye kipokezi. Kila seli ya mwili ina jeni za kutengeneza karibu kila kipokezi, ila huwasha chache inazozihitaji na kuziacha nyingine zimelala. Homoni ya kupevusha yai, inayotumwa na pituitari, kipokezi chake kikubwa kiko kwenye ovari. Homoni ya mimba, ambayo ni kama pacha wake, huitikiwa mlango huohuo.

Kazi yake ilikuwa kupima jeni ya kipokezi hicho imewashwa kiasi gani kwenye vipande vya ovari. Na kipimo kama hicho hakina heshima bila sampuli ya kulinganishia, tishu ambayo hakuna anayetarajia kukuta kitu. Bi Rudia akafikiri: adrenali inahusiana nini na kupevusha mayai? Akachukua kipande cha tezi ya wifi yake kiwe ndicho cha kukaa kimya.

Mashine ikazunguka, vinasaba vikazidishwa, jeli, kile kibapa laini ambamo vinasaba hujipanga kuwa mistari, ikawekwa kwenye taa ya zambarau. Ovari zilionyesha mistari yao kama ilivyotakiwa. Na kwenye njia ya mwisho, ya tezi ya wifi, pale palipotakiwa kuwa peusi, palikuwa na mstari mnene unaong'aa kuliko mingine yote.

Tuliokuwepo tulijua kitakachofuata kabla hajafungua mdomo.

Alirudia. Akafikiri amemwaga tone la ovari mahali pasipo pake, akafungua vitendanishi vipya. Mstari ukaja. Akahamia meza nyingine, na pipeti za kufyonzea matone, za kuazima kutoka chumba cha jirani. Mstari ukaja. Akafanya bila kuweka tishu yoyote, aone kama maji yenyewe yamechafuka. Maji yalikaa kimya. Akaomba adrenali ya mtu mwingine, iliyokuwa imetolewa kwa sababu ya uvimbe wa aina nyingine. Nayo ilikuwa karibu kimya, mstari hafifu tu kama nywele. Akarudi kwa ile ya wifi yake. Mstari mnene, palepale, unamtazama.

Siku zile hakuwa Bi Rudia tuliyemzoea. Alikuwa hali chakula chake cha mchana. Alikaa mbele ya ile picha ya jeli, amekunja mikono, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Mwisho akamwendea daktari wa homoni, akaiweka picha mezani. "Daktari, nisaidie kuona nilipokosea," akasema. "Tezi ya wifi yangu imewasha jeni isiyo yake."

Daktari akaitazama picha kwa muda. Kisha akauliza, "Wifi yako alizaa mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na kila mimba alivimba. Ameniambia mwenyewe siku ya kwanza, nikaandika, nikaona si kitu." Daktari alikuwa ameshasimama. "Homoni ya mimba ilikuwa inabisha hodi, adrenali zinaitikia. Akijifungua, homoni inaondoka, na yeye anapona. Sasa hedhi imekoma, ovari zimelala, pituitari inapiga kelele kuziamsha kila siku bila kupumzika. Ovari hazisikii. Adrenali zinasikia."

Bi Rudia akaikumbuka ile sahani ya Jumapili. Kumbe yule mama hakuwa amekula kwa siri. Kila siku ya Mungu mwili wake ulikuwa unapokea amri ya kwenda kwa wengine, na kuitii kwa bidii.

Tatizo ni kwamba kidonda cha upande wa kushoto kilikuwa kimepona, kortisoli imeanza kupanda tena, na nafasi ya chumba cha upasuaji kwa ajili ya tezi ya kulia ilikuwa wiki ileile. Mpasuaji aliwasikiliza wote wawili akiwa amesimama ukumbini, kofia bado kichwani. "Mimi nina mgonjwa ambaye mifupa inaoza," akasema. "Ninyi mnaniletea mstari kwenye jeli." Hakuwa na ubaya. Alikuwa ameshawahi kumpoteza mgonjwa wa ugonjwa huohuo kwa kusubiri, na hilo sote tulilijua. Bi Rudia hakubishana. Aliomba asubuhi moja tu: mgonjwa achomwe sindano inayoiamsha pituitari itume homoni ya kupevusha yai, damu ichukuliwe kila baada ya muda, tuone kama kortisoli itapanda. Ikipanda, mstari ule ni wa kweli. Isipopanda, yeye mwenyewe atasukuma kitanda hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Mpasuaji akavua kofia. "Asubuhi moja," akasema.

Alibaki mtu mmoja wa kushawishi, naye ni mgonjwa.

Mama Mapazia alikuwa amelala akitazama pazia aliloshona mwenyewe. Alimwona wifi yake akiingia, akageuza shingo. Bi Rudia akavuta kiti. Muuguzi aliyekuwa akibadilisha shuka kitanda cha pili anasema hakukusudia kusikiliza, ila miguu ilikataa kuondoka.

"Wifi, nimekuja kukuomba usubiri."

"Nisubiri nini? Ninenepe zaidi upate la kusema?"

Bi Rudia akakisogeza kiti karibu zaidi. Akamweleza yote, taratibu, kuhusu jeni na hodi na mimba zile tatu. Kisha akasema, "Na lile neno la sahani. Nilikosea. Si kwamba nilikosea kulisema mbele ya watu tu. Halikuwa kweli."

Mama Mapazia akamgeukia. "Unajua nini, wifi?" akasema, na sauti ilikuwa imemlegea. "Wewe sikukuchukia kwa kulisema. Nilikuchukia kwa sababu nilishaanza kuliamini. Nilikuwa nalala na njaa, naamka nimevimba, najiambia labda nakula usingizini." Akajifuta uso kwa pembe ya shuka. "Haya. Nichomeni hiyo sindano. Lakini uchome wewe."

"Mimi si muuguzi."

"Basi ushike mkono."

Akaushika. Asubuhi ile hakuna aliyefanya kazi ya maana kwenye maabara yetu. Damu zilishuka moja baada ya nyingine, na Bi Rudia, akiwa na haki ya kuogopa mkono wake mwenyewe, aliagiza zipimwe na watu wawili tofauti wasiojua ipi ni ya kwanza na ipi ni ya mwisho. Majibu yalipopangwa, homoni ya kupevusha yai ilikuwa imepanda baada ya sindano, na kortisoli imepanda nyuma yake kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Mpasuaji aliitwa. Aliisoma karatasi, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akairudisha. "Sijawahi kufurahi kunyang'anywa kazi kama leo," akasema, kisha akaenda mwenyewe kufuta jina ubaoni.

Tungependa kusema kwamba hapo ndipo tulipopumua. Hapana. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa sindano ya kila mwezi inayoielemea pituitari mpaka inachoka na kunyamaza. Kabla haijanyamaza, hupiga kelele zaidi. Daktari alionya, na sote tulijua, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Siku zilizofuata sindano ya kwanza Mama Mapazia alizidi: uso ulifura, sukari ikapaa, hakupata usingizi, akawa analia bila sababu. Binti yake alimfuata Bi Rudia kwenye korido akamwuliza, bila matusi na bila machozi, "Mkaza mjomba, mmemfanya nini mama?" Bi Rudia alimwambia hali hiyo itapita. Alirudi maabara akakaa. Yule mume wake mwalimu wa udereva akawa anakuja kumchukua mapema kila siku, anamkuta hajafungasha.

Ikapita. Ilianza kwa jambo dogo: muuguzi wa zamu aliripoti kwamba mgonjwa amelala usiku kucha na asubuhi ameamka anamtania mpishi kuhusu uji. Kisha sukari ikashuka. Kisha damu ikaletwa kwetu, tukapima kortisoli, ikawa ya mtu mzima wa kawaida. Tulimtazama Bi Rudia, tukingoja neno lake. Safari hiyo aliweka karatasi mezani, akaifunika kwa viganja viwili, akainamisha kichwa juu yake, na mabega yakaanza kutikisika. Mhasibu, aliyekuwa amepita kuleta hati za malipo, ndiye aliyemletea maji.

Miezi ilivyosogea, mwili ule wa kuazima uliondoka kidogo kidogo. Nundu ikashuka, uso ukarudi kwenye mifupa yake, miguu ikapata nguvu. Mjukuu wa Mama Mapazia, mtoto wa kike aliyekuwa amezaliwa bibi akiwa tayari mgonjwa, alikuwa amepelekwa kwa baba yake wakati wote wa matibabu. Aliporudishwa alikuta mama mwembamba amesimama mlangoni amefungua mikono. Mtoto akajificha nyuma ya sketi ya mama yake. Huyu hamjui. Bibi akachuchumaa, jambo ambalo hakuwa ameweza kwa muda mrefu, akamwita kwa jina la utani analomwita yeye peke yake. Mtoto akachungulia. Akakodoa macho. "Bibi yuko ndani yako?" akauliza. Watu wazima wote waliokuwa sebuleni walipata ghafla kazi za kufanya jikoni.

Yaliyofuata ni ya kikazi, na tutayasema kwa kifupi. Bi Rudia alimaliza shahada yake, na sura ndefu kuliko zote ikawa ile ya sampuli ya kulinganishia iliyokataa kukaa kimya. Yeye, daktari wa homoni na mpasuaji waliandika makala pamoja, wakaalikwa mkutanoni, ambako mpasuaji aliongea dakika chache na Bi Rudia akajibu maswali kwa saa nzima. Watafiti wa nchi za mbali wakaandika kusema nao wamekuta mambo ya namna hiyo, vipokezi vya homoni za uzazi vikiwa mahali ambapo hakuna aliyefikiri kuvitafuta. Lililo kubwa zaidi kwetu ni kwamba siku hizi mgonjwa yeyote mwenye adrenali mbili zilizovimba bila amri huulizwa habari za mimba zake, na hupimwa kwa ile asubuhi moja ya sindano, kabla mtu hajagusa kisu. Wengi wao jibu huwa hapana, na upasuaji huendelea kama kawaida. Wachache jibu huwa ndiyo. Hao hubaki na tezi zao.

Tunaobaki tuna mengi ya kumshukuru. Ametufundisha kusema "sijui bado" mbele ya daktari mwenye haraka. Ametulinda dhidi ya vikao. Ametuachia friza safi, vitabu vilivyochorwa pembeni kwa penseli, na kikosi cha vijana wanaoweza kufanya kazi bila yeye, jambo ambalo alituthibitishia kwa kuchukua likizo nzima mwaka jana bila kupiga simu hata mara moja. Mwandishi wa maneno haya, ambaye ndiye anakabidhiwa kiti chake, anakiri kwamba amelala vizuri tangu likizo ile. Kumbe inawezekana.

Yeye na mume wake wanahamia kwenye nyumba yao waliyojenga polepole kwa miaka, yenye madirisha mengi. Mapazia, tumeambiwa, yameshashonwa, na mshonaji alimpimia wifi yake gauni la kuagia papo hapo huku akimwambia asimame wima.

Bi Rudia, dada yetu mkubwa, asante. Hapa mjini wapo watu wanaoamka asubuhi, wakajitazama kwenye kioo, wakajikuta ni wao. Wanafunga vifungo vya nguo walizozizoea, wanagombana na waume zao, wanawahi kazini, na wengi wao hawajui hata sura yako. Wamepona kiasi cha kutusahau, na hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Nenda ukapumzike bila deni la moyoni. Mungu akupe uzee wenye usingizi mzito, magoti yasiyouma, na nyumba iliyojaa wanaokupenda. Sisi huku tuko salama.